Maana ya Kimya: Historia Fupi ya Tabia za Simu na Kutoelewana katika Biashara Ndogo za Rwanda na Uganda

Utangulizi

Katika masoko ya Kigali, Kampala na miji ya mipakani, malalamiko ya wafanyabiashara wadogo kuhusu simu yanafanana. Mteja ameandika ujumbe, ameona tiki mbili za buluu, hakujibiwa, akaenda kununua kwa mwingine. Muuzaji naye anasema aliufungua ujumbe huo akiwa anahudumia watu, akakusudia kujibu baadaye, na aliposhika simu tena jioni mteja alikuwa ameshakasirika. Mwenye gari ameambiwa alete mzigo "saa 2", akaufikisha mchana wakati duka lilikuwa linausubiri tangu asubuhi. Kila tukio ni dogo likitazamwa peke yake. Lakini kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni magunia matatu ya viazi au furushi moja la nguo za mitumba, tukio kama hilo linaweza kumaliza faida ya wiki nzima na kuharibu uaminifu uliojengwa kwa miaka.

Maelezo tunayoyasikia mara nyingi ni kwamba simu janja zimeharibu adabu za watu, hasa vijana. Insha hii inaona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Tabia za simu zina historia. Kila tabia ilizaliwa na gharama ya wakati wake, na iliendeshwa na makubaliano ambayo watu waliyajua hata kama hayakuandikwa popote. Gharama ilipobadilika, tabia nyingine zilibaki bila makubaliano yaliyozipa maana, na nyingine zilikuja pamoja na programu zilizobuniwa mbali na masoko yetu. Jambo linaloonyesha mabadiliko hayo vizuri zaidi ni maana ya kimya, yaani kutojibu. Katika zama za kubipu, kimya kilikuwa ujumbe wenye maana moja iliyokubaliwa. Katika zama za WhatsApp, kimya kina maana nyingi, na kila mtu huchagua ile inayomwumiza zaidi.

Insha itafuata hatua nne za historia hiyo, kisha itaangalia namna lugha yenyewe, hasa Kiswahili kinachotumika katika biashara ya mipakani, inavyochangia kutoelewana. Mwisho itajadili njia ambazo wafanyabiashara wanaweza kuzitumia kurekebisha hali hiyo.

Kabla ya simu ya mkononi: neno lililolipiwa

Tatizo la kuelewana kwa mbali katika biashara ni la zamani kuliko simu. Wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani hadi Ujiji na Tabora walitumia barua, baadhi zikiwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua ilichukua wiki au miezi kufika. Kwa hiyo ilibidi ieleze kila kitu: kilichotumwa, kiasi chake, aliyekibeba, na deni lililobaki. Kuuliza tena kulikuwa ni kupoteza miezi mingine.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Aden, na kutoka huko na sehemu nyingine za dunia. Habari ambayo barua iliibeba kwa wiki nyingi sasa ilifika haraka sana. Lakini telegramu ililipiwa kwa idadi ya maneno. Matokeo yake ni kwamba wafanyabiashara duniani walianza kufupisha, na hata kutumia vitabu vya misimbo ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Herufi moja ikikosewa, maana yote ilibadilika. Hapa tunaona kwa mara ya kwanza kanuni itakayorudi mara kwa mara katika insha hii: gharama huzaa ufupisho, na ufupisho huhitaji makubaliano. Anayetuma na anayepokea wasipokuwa na kitabu kimoja cha misimbo, ufupisho unakuwa fumbo.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa bara, telegrafu ilikuwa mbali naye. Yeye aliendelea kumtegemea mtu. Dereva wa basi au wa lori alipewa fedha, karatasi yenye orodha ya bidhaa, na maelezo ya mdomo. Njia hiyo haijafa hadi leo. Ubaya wake ni kwamba mtu husahau. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kuulizwa, naye anaweza kueleza: "Alikuwa na wageni, alisema atalipa kesho." Karatasi haielezi hivyo, wala tiki ya simu haielezi.

Simu ya mtaani na mtu wa kati

Simu za mkononi zilianza kuenea katika nchi zetu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nchini Uganda kampuni ya Celtel ilianza huduma mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Mwaka huohuo wa 1998 MTN iliingia Rwanda pia. Mwanzoni simu yenyewe ilikuwa ghali, na dakika ya maongezi ilikuwa ghali vilevile. Wauzaji wengi wa sokoni walianza kuitumia kwa kulipia katika simu ya mtu mwingine kabla ya kumiliki ya kwao.

Nchini Rwanda simu hizo za kulipia zilijulikana kwa jina la "Tuvugane". Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo si geni sana: kiambishi "tu-" ni kilekile, mnyambuliko wa "-an-" unaonyesha kutendeana, na maana yake ni kwamba tuzungumze. Nchini Uganda, mwaka 2003, MTN kwa kushirikiana na Wakfu wa Grameen ilianzisha mpango wa simu za vijijini, uliofuata mfano wa Bangladesh. Mwanakijiji alikopeshwa vifaa vya simu, akauza dakika kwa majirani zake, na kwa faida hiyo akalipa mkopo.

Simu ya aina hii ilikuwa na mambo mawili yaliyosaidia kuelewana. Kwanza, mzungumzaji alijua kwamba muda unahesabiwa na watu wengine wanasubiri. Alikuja akiwa amepanga maneno yake: bidhaa, idadi, bei na siku. Pili, mwenye simu alikuwa mtu wa kati. Mtu akipiga kumtafuta muuza ndizi wa jirani, mwenye simu alimwita, au alipokea ujumbe na kuufikisha. Aliweza kukosea, bila shaka. Lakini aliweza pia kusema kwamba aliyetafutwa ameenda shambani na atarudi jioni. Kutopatikana kwa mtu kulikuwa na sababu iliyosemwa kwa mdomo, kwa hiyo hakukugeuka dharau.

Kubipu: kimya chenye kanuni

Simu zilipopungua bei na kadi za vocha kuanza kuuzwa kila kona, watu wengi walimiliki simu lakini hawakuwa na salio. Hapo ndipo kubipu kuliposhamiri. Kubipu ni kupiga simu na kukata kabla haijapokewa, ili namba yako ionekane bila wewe kulipa chochote. Katika Kinyarwanda watu husema "kubipa", na nchini Kenya wengi husema "kuflashi". Majina hutofautiana, lakini kitendo ni kimoja katika ukanda wote.

Mtafiti Jonathan Donner, aliyechunguza matumizi ya simu miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Kigali mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliandika makala kuhusu kanuni za kubipu iliyotoka mwaka 2007. Aligawa kubipu katika aina tatu. Ya kwanza ni kumwomba mwenzako akupigie. Ya pili ni ishara iliyopangwa kabla, kwa mfano "nikibipu ujue nimefika". Ya tatu ni ya kijamii tu, kumkumbusha mwenzako kwamba unamfikiria. Alieleza pia kanuni iliyojulikana na wengi: kwa kawaida mwenye uwezo zaidi ndiye anayepiga na kulipa.

Kwa biashara ndogo, jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Tuchukulie muuza nyanya aliyekubaliana na mkulima kwamba akimbipu mara moja, gari limeondoka, na akimbipu mara mbili, gari limekwama. Hakuna neno lililosemwa wala senti iliyotumika, na bado habari imefika. Mkulima asipobipu kabisa, hiyo nayo ni habari: mzigo haujaondoka. Kimya kilikuwa na maana kwa sababu watu hao wawili walikaa wakakubaliana kabla.

Isidhaniwe kwamba zama hizo hazikuwa na matatizo. Mtu mwenye wateja wengi alipokea bipu asiyoweza kuielewa: ni yupi, na anataka nini? Muuzaji aliyembipu mteja wake tajiri alionekana amejishusha kupita kiasi, na mteja aliyembipu muuzaji maskini alionekana bahili. Hata hivyo, ugomvi wa zama hizo ulikuwa juu ya nani alipe. Sababu ya mtu kutojibu ilikuwa wazi kwa wote: hana salio. Umaskini wa salio ulikuwa aibu ya kila mtu, na kwa hiyo haukuwa tusi kwa yeyote.

Ujumbe wa pesa: ujumbe unakuwa risiti

Hatua ya tatu ilianza pale ujumbe mfupi ulipoanza kubeba pesa. Nchini Kenya M-Pesa ilianza Machi 2007. MTN ilianzisha huduma yake ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na nchini Rwanda mwaka 2010. Lakini hata kabla ya hapo, nchini Uganda watu walikuwa wameshabuni njia yao. Mtu wa mjini alinunua kadi ya vocha, akampigia mwenye simu ya kulipia kijijini, akamsomea namba za siri za kadi. Mwenye simu alijiongezea salio hilo, akakata sehemu yake, kisha akamkabidhi ndugu wa mtumaji fedha taslimu. Katika njia hiyo tarakimu moja iliyosomwa vibaya ilisimamisha malipo yote, kwa hiyo tabia ya kusoma namba polepole na kuzirudia haikuwa adabu tu. Ilikuwa ulinzi wa mali.

Huduma rasmi ya pesa kwa simu ilileta kitu kipya: ujumbe wa uthibitisho unaotaja kiasi, jina, na namba ya muamala. Kwa mara ya kwanza mchuuzi asiyekuwa na kitabu cha risiti alikuwa na risiti mfukoni. Tabia mpya ikazaliwa. Mteja anaonyesha kioo cha simu yake, muuzaji anatazama haraka, biashara imekwisha. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Rwanda iliondoa kwa muda ada za kutumiana pesa kwa simu ili kupunguza matumizi ya noti, na njia hii ikazidi kuwa ya kawaida hata kwa ununuzi mdogo.

Lakini risiti inayokaa katika simu ya mteja si sawa na fedha iliyofika katika simu ya muuzaji. Walaghai waligundua pengo hilo mapema. Walituma kutoka namba ya kawaida ujumbe ulioandikwa ukafanana na ule wa kampuni, kisha wakapiga wakidai pesa zimetumwa kimakosa na zirudishwe. Simu janja zilipokuja, picha ya skrini ikaongezwa kwenye orodha hiyo. Mtu anatuma picha inayoonyesha malipo, muuzaji anatoa bidhaa, na baadaye anagundua kwamba salio lake halikubadilika. Si kila kesi ni ya wizi. Wakati mwingine mtandao umechelewa, au mteja ametuma kwa namba isiyotumika tena. Lakini kila upande unashikilia ishara yake: mmoja ana picha, mwingine ana salio tupu.

Simu janja: ishara bila makubaliano

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 nchini Marekani, na katika muongo uliofuata ikawa kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa nchi zetu duka, kitabu cha oda na dawati la mapokezi kwa pamoja. Ujumbe wa sauti uliongezwa mwaka 2013. Tiki za buluu zikaja Novemba 2014. Uwezo wa kufuta ujumbe kwa pande zote mbili ukaja mwaka 2017. Kila kimoja kati ya hivi kimezaa tabia, na kila tabia ina kutoelewana kwake.

Tuanze na tiki. Tiki moja ya kijivu inasema ujumbe umetoka. Mbili za kijivu zinasema umefika kwenye simu ya mwenzako. Mbili za buluu zinasema mazungumzo yamefunguliwa. Hakuna hata moja inayosema "nimeelewa", wala "nimekubali bei hiyo", wala "nitaleta kesho". Pia haisemi ni nani aliyefungua. Katika biashara ya familia, simu ya duka hushikwa na mama, kijana wake na msaidizi wa duka kwa zamu. Kijana anafungua ujumbe wa mteja, rangi inabadilika, simu inarudi mezani, na mama hajui kwamba kuna oda. Mteja amepata uthibitisho ambao hakuna mtu aliyempa.

Ujumbe wa sauti nao una pande mbili. Umewasaidia sana watu wasiopenda kuandika au wasiojua kusoma vizuri, na hilo si jambo dogo katika biashara ambayo watu wake wengi walikatisha shule. Lakini msemaji wa ujumbe wa sauti hana haraka kama msemaji wa Tuvugane. Anasalimia, anauliza habari za watoto, anaeleza shida ya barabara, na katikati anataja idadi na rangi za nguo anazotaka. Muuzaji anasikiliza katika kelele za soko, au anakatiza baada ya salamu akidhani ni maongezi ya kawaida. Kesho yake, akitaka kuhakikisha idadi, inabidi asikilize yote upya, kwa sababu sauti haipitiwi kwa macho kama maandishi.

Kufuta ujumbe kumeondoa kile ambacho ujumbe mfupi wa pesa ulikuwa umekileta, yaani kumbukumbu. Mtu aliyeandika bei, akaona amekosea, akaifuta na kuandika nyingine, pengine hana nia mbaya. Lakini anayeona maneno ya kwamba ujumbe umefutwa hujiuliza kilichofichwa ni nini.

Zaidi ya hayo yote, gharama haikwisha. Ilijificha tu. Nchini Uganda, tarehe 1 Julai 2018, serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Baadhi walilipa kila siku, baadhi walilipa siku za soko tu, na wengine walitumia programu za kukwepa zinazomaliza bando na chaji. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bei ya intaneti. Vilevile, wakati wa uchaguzi mkuu wa Februari 2016, mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilizimwa kwa siku kadhaa, na Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku zipatazo tano. Mteja wa Kigali aliyeona tiki moja wiki hiyo angeweza kudhani msambazaji wake wa Kampala amemkimbia.

Hata katika siku za kawaida, mchuuzi hununua bando la siku moja, huwasha data asubuhi na jioni, na kuizima mchana ili isiishe. Katika zama za kubipu, kila mtu alijua maana ya "sina salio". Leo, kwa kuwa mwenye bando na asiye na bando wanashika simu zinazofanana, ukosefu wa bando hauonekani. Mteja mwenye intaneti ya ofisini hawezi kufikiri kwamba kimya cha saa sita ni kimya cha mtu anayebana matumizi. Anakiona kiburi. Tofauti ya uwezo ambayo zamani iliwekewa kanuni wazi, kwamba mwenye nacho ndiye apige, sasa imefunikwa, na haina kanuni.

Lugha ndani ya simu: "sawa", "ndiyo" na "saa 2"

Kwa wanafunzi wa Kiswahili sehemu hii ndiyo yenye mafunzo zaidi. Biashara ndogo kati ya Rubavu na Goma, kati ya Kigali na Kampala, na kuelekea Bujumbura, hutumia Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Ana kwa ana, makosa hurekebishwa kwa uso na mkono. Katika simu, maneno matatu mafupi huleta shida kubwa.

La kwanza ni "sawa". Katika maongezi, sauti huonyesha kama "sawa" ni "nimekubali", "nimesikia", au "basi yaishe". Likiandikwa peke yake, sauti inapotea. Muuzaji anaandika, "Bei imepanda, sasa ni elfu kumi na mbili." Mteja anajibu, "Sawa." Muuzaji anafunga mzigo. Mteja alikuwa na maana kwamba amesikia na atatafuta kwingine. Alama ya kidole gumba ina tatizo hilohilo, tena bila hata herufi moja. Swali jingine ni elfu kumi na mbili za nini. Mpakani kuna faranga za Rwanda, faranga za Kongo, shilingi za Uganda na dola, na anayeandika namba tupu huwa anafikiria sarafu iliyo mfukoni mwake.

La pili ni "ndiyo". Katika Kiswahili, mtu akiulizwa "Hukutuma pesa?" anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, sikutuma. Aliyezoea mpangilio wa Kifaransa au Kiingereza anaweza kuelewa kinyume, yaani kwamba pesa zimetumwa. Kwa mdomo, jibu hufuatwa na sentensi kamili. Kwa kidole kimoja kwenye kioo, sentensi hiyo hukatwa.

La tatu ni saa. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, na Kinyarwanda kimechukua hesabu hiyo pamoja na majina yake: saa mbiri ya Kigali ni saa mbili ya Mombasa kwa maana ya asubuhi baada ya kifungua kinywa. Luganda pia huhesabu hivyo. Lakini saa ya simu inaonyesha 8:00. Anayetamka "saa mbili" anaeleweka. Anayeandika "saa 2" anaweza kusomwa kama 2:00, yaani saa nane mchana. Kisha ongeza mpaka. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania. Simu janja hujibadilisha yenyewe gari linapovuka Gatuna, na dereva pengine hatambui. Kwa hiyo "saa tatu kamili" ya Kampala ni saa mbili ya Kigali. Barua ya zamani, iliyochukua wiki, haikuhitaji usahihi wa saa moja. Simu inatupa ahadi ya dakika, lakini lugha yetu ya saa bado ni ya macheo. Hakuna ubaya katika lugha hiyo. Ubaya uko katika kuandika tarakimu bila kuongeza neno "asubuhi" au "mchana" na bila kutaja ni saa ya nchi gani.

Njia za kurekebisha

Wapo watakaosema kwamba matatizo mengi yaliyotajwa ni ya udanganyifu, kwamba mtu anayesema "sikuuona ujumbe" aliuona. Ni kweli kwamba utata humfaa mwongo. Hata katika kubipu, wapo waliobipu makusudi ili wenzao walipe. Lakini hoja hii inathibitisha umuhimu wa makubaliano badala ya kuupunguza. Pale kanuni inapokuwa wazi, mwongo hana pa kujificha. Pale isipokuwepo, mkweli na mwongo wanafanana.

Historia tuliyoipitia inatoa mafunzo yanayoweza kutumika bila gharama kubwa. Kutoka kwenye barua, tunajifunza kutaja kila kitu mara moja: bidhaa, idadi, bei na sarafu yake, siku, saa na anayelipa usafiri. Kutoka kwenye simu ya mtaani, tunajifunza kurudia: anayepokea oda aiandike upya kwa maneno yake na kumrudishia mteja, badala ya kujibu "sawa". Ujumbe wa sauti wa dakika tatu ufuatiwe na mstari mmoja wa maandishi wenye namba. Kutoka kwenye kubipu, tunajifunza kukubaliana kabla: mteja mpya aambiwe siku ya kwanza kwamba ujumbe hujibiwa jioni, na kwamba la haraka lipigiwe simu. Kutoka kwenye pesa za simu, tunajifunza kuangalia salio letu wenyewe kabla ya kutoa bidhaa, na kuacha kutazama kioo cha mwingine.

Programu zimejaribu kusaidia. WhatsApp ya biashara, iliyotoka Januari 2018, humwezesha muuzaji kuonyesha bidhaa, kuweka saa za kazi na kutuma majibu ya moja kwa moja. Inafaa, lakini jibu linalojituma lenyewe linaweza kuwa tiki nyingine tu: linafika haraka, na bado hakuna mtu aliyekubali chochote. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wengi wenye simu nzuri bado wana daftari chini ya meza, na hawajakosea. Daftari halibadiliki rangi likifunguliwa, na halifutiki kwa pande zote mbili.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kutoelewana kunakoletwa na tabia za simu janja katika biashara ndogo hakukuanza na simu janja. Telegramu ilifupisha maneno kwa sababu ya bei, bipu iliyaondoa kabisa kwa sababu ileile, na zote mbili zilifanya kazi pale tu watu walipokubaliana maana kabla ya kutuma. Simu janja imetupa ishara nyingi kuliko zote zilizotangulia, nayo imeficha gharama na tofauti za uwezo ambazo zamani kila mtu aliziona. Kwa sababu hiyo kimya, ambacho katika zama za kubipu kilikuwa na maana moja, leo kinaweza kuwa ukosefu wa bando, simu iliyoshikwa na mtoto, intaneti iliyozimwa, wingi wa kazi, au dharau ya kweli.

Kwa wanaosomea lugha, somo ni kwamba Kiswahili cha biashara kinaandikwa leo kwa wingi kuliko wakati wowote, na kinaandikwa na watu wasiofundishwa namna ya kukiandikia biashara. Tunafundishwa barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Ingefaa pia tufundishwe namna ya kuandika oda katika mistari miwili isiyohitaji kuulizwa tena. Muuza viazi wa mpakani anahitaji somo hilo zaidi ya yeyote kati yetu, kwa kuwa yeye akisomwa vibaya, magunia yake hayasubiri. Yanaoza.